Kuchagua tiba ya saratani ya tezi dume: mwongozo kamili kwa mgonjwa na familia yake Dar es Salaam

Saratani ya tezi dume ina jambo moja linalowachanganya wagonjwa wengi: daktari bingwa anaweza kuweka mbele yako njia mbili au tatu zisizofanana hata kidogo, na zote zikawa sahihi. Mwenye malaria haulizwi anataka dawa ipi. Hapa unaulizwa, kwa sababu ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi, tiba zake zinakaribiana katika kuokoa maisha lakini zinaachana mbali katika madhara. Moja inagusa zaidi mkojo, nyingine haja kubwa, nyingine mifupa na nguvu za kiume. Kazi ya daktari ni kukueleza kila njia inakupa nini na inakunyang'anya nini. Kazi yako ni kusema kipi huwezi kukubali kunyang'anywa.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam safari huwa hivi: zahanati au hospitali ya rufaa ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, kisha kliniki ya urolojia (magonjwa ya njia ya mkojo) Hospitali ya Taifa Muhimbili au hospitali binafsi, halafu Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa mionzi na dawa. Uamuzi mara nyingi huharibika katikati ya vituo hivi, karatasi zinapopotea au mgonjwa anapoonana na daktari mmoja tu na kudhani tiba ni ile moja aliyoisikia.

Hatua ya 1: Kamilisha majibu kwanza

Uamuzi unasimama juu ya vitu vitatu: PSA, kipimo cha kidole, na majibu ya kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyochunguzwa maabara. Kikikosekana kimoja, anayekupangia tiba anabahatisha.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kupimwa kwenye damu, na hupanda hata pasipo saratani. Maambukizi ya njia ya mkojo, mkojo kuziba na kuwekewa mpira huipandisha. Subiri wiki 6 hivi baada ya maambukizi kupona ndipo upime tena. Usifanye tendo la ndoa wala kuendesha baiskeli siku 2 kabla ya kutoa damu. Kama umetumia finasteridi au dutasteridi, dawa za tezi dume iliyovimba, kwa miezi 6 au zaidi, sema, maana dawa hizo huishusha PSA hadi karibu nusu. Anayesoma 4 kwenye karatasi yako anapaswa kuifikiria kama 8. Wazee wengi hawataji dawa hizi kwa kuwa wamezizoea, na hapo ugonjwa unajificha.

Kipimo cha kidole, ambapo daktari huipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kinachukua chini ya dakika moja. Wanaume wengi wanakikwepa kwa aibu, na daktari asipokifanya anakosa kujua kama uvimbe umebaki ndani ya tezi au umeshatoka nje ya ganda lake.

Kinyama huchukuliwa kwa sindano 10 hadi 12 kwa jumla, kutoka pande zote mbili za tezi, kwa kuongozwa na mashine ya ultrasound. Sindano zikipitia njia ya haja kubwa, utapewa antibayotiki kabla. Damu kidogo kwenye mkojo kwa siku chache, au kwenye mbegu kwa wiki kadhaa, ni kawaida. Homa na kutetemeka ndani ya siku chache si kawaida: rudi hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Katika baadhi ya hospitali ndugu ndio hupewa kichupa wakipeleke maabara ya patholojia, inayochunguza nyama kwa hadubini. Vipande viwe ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, si maji wala spiriti, na formalini iwe takriban mara 10 ya ujazo wa nyama. Kichupa kiwe na jina, tarehe na upande ulikotoka, kulia au kushoto. Nyama iliyooza haisomeki, na hakuna njia ya kuirudisha isipokuwa kuchomwa sindano upya.

Kuna kosa lingine ambalo limewagharimu wengi. Mzee aliwahi kufanyiwa operesheni ya tezi kwa sababu ya mkojo kuziba, na familia nzima inaamini tezi iliondolewa. Haikuondolewa. Operesheni ile, iwe ya kufungua tumbo au ya kukwangua kupitia njia ya mkojo, hutoa nyama ya ndani inayoziba na kuliacha ganda la nje, na saratani nyingi huanzia kwenye sehemu hiyo ya nje. Mtu huyo bado anaweza kupata saratani. Na kama nyama iliyotolewa haikupelekwa patholojia, ulizeni kwa nini.

Hatua ya 2: Isome karatasi ya patholojia

Omba nakala. Ni haki yako na ndiyo karatasi muhimu kuliko zote kwenye faili. Tuseme imeandikwa: sindano 7 kati ya 12 zina saratani, Gleason 4+3=7, kundi la 3. Gleason ni alama ya ukali wa saratani, na kundi hapa ni kundi la ukali, la 1 hadi la 5.

Namba ya kwanza, 4, ni sura ya seli zilizo nyingi zaidi. Ya pili, 3, ni sura inayofuata kwa wingi. Kadiri namba inavyopanda ndivyo seli zinavyokuwa kali. Ndiyo maana 4+3 na 3+4 zote zikijumlishwa zinaleta 7 lakini hazilingani: 4+3 ni kundi la 3, 3+4 ni kundi la 2. Gleason 6 ni kundi la 1, Gleason 8 ni la 4, na 9 au 10 ni la 5. Daktari akikwambia tu "una Gleason saba", muulize ni saba ipi.

Hatua ya 3: Jua kundi lako la hatari

Hapa daktari anaunganisha vitu vyote vitatu. Hatari ni ndogo kama PSA iko chini ya 10, Gleason ni 6, na uvimbe haushikiki kwa kidole au unashikika sehemu ndogo ya upande mmoja. Hatari ni ya kati kama PSA iko kati ya 10 na 20, au Gleason ni 7. Hatari ni kubwa kama PSA imezidi 20, au Gleason ni 8 hadi 10, au uvimbe umetoka nje ya ganda. Kigezo kibaya kuliko vyote ndicho kinachoamua: Gleason 6 yenye PSA ya 34 ni hatari kubwa.

Mwenye hatari ndogo hahitaji CT (picha za ndani ya mwili) wala kipimo cha nyuklia cha mifupa, vipimo vinavyotafuta kama ugonjwa umesambaa. Ni fedha inayotumika bure. Mwenye hatari kubwa, au mwenye maumivu ya mifupa, anavihitaji vyote viwili kabla ya kupangiwa tiba. Daktari ataongeza kipimo cha figo na ultrasound ya tumbo, kwa sababu uvimbe unaweza kuziba mirija inayotoka kwenye figo bila mgonjwa kuhisi chochote.

Hatua ya 4: Mwambie daktari mambo yasiyo kwenye vipimo

Umri peke yake hautoshi. Mzee wa miaka 74 anayetembea sokoni kila asubuhi anaweza kustahimili tiba kuliko wa miaka 62 mwenye kisukari kilichoharibu figo na aliyewahi kupata kiharusi. Daktari hujiuliza kama mgonjwa ana uwezekano wa kuishi miaka 10 au zaidi magonjwa mengine yakizingatiwa. Kama hapana, na saratani ni ya polepole, kumkata au kumchoma mionzi kunaweza kumletea madhara bila faida atakayoishi kuiona.

Taja presha, kisukari, moyo, na dawa zote, zikiwemo ARV, maana baadhi ya dawa hizo hugongana na dawa za saratani. Taja na mitishamba. Usiogope kufokewa, daktari anayejua unachokunywa anaweza kukulinda, asiyejua hawezi.

Taja pia baba, kaka au mjomba aliyepata ugonjwa huu, na mama au dada aliyepata saratani ya matiti au ya mifuko ya mayai. Ugonjwa wa kurithi unaweza kuwa mkali zaidi na kubadilisha uamuzi, hasa kwa anayefikiria kufuatiliwa bila tiba.

Halafu kuna yale ya moyoni: kama bado unataka mtoto, kama tendo la ndoa lina uzito gani kwenu, kama kazi yako ni ya kubeba mizigo Kariakoo au ya kukaa dukani, kama kuvuja mkojo kutakukosesha raha msikitini. Hili la mwisho wengi wanalificha. Fikihi, yaani sheria ya ibada ya Kiislamu, ina nafasi kwa mwenye udhuru wa mkojo usiozuilika: huchukua udhu kwa kila swala baada ya wakati wake kuingia. Muulize shehe wako mapema, usiikatae operesheni inayokufaa kwa hofu ambayo ina jibu.

Hatua ya 5: Ugonjwa ukiwa bado ndani ya tezi

Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwagawa kwa bahati nasibu wanaume 1,643 wenye saratani isiyosambaa katika makundi matatu: kufuatiliwa, upasuaji, mionzi. Majibu ya miaka 15, yaliyochapishwa 2023, yalionyesha kuwa waliofariki kwa saratani hii ni takriban asilimia 3 tu, bila tofauti ya maana kati ya makundi. Tofauti ilikuwa kwenye kusambaa: asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, dhidi ya 4.7 ya waliopasuliwa na 5.0 ya waliopigwa mionzi. Lakini wanaume wale karibu wote walikuwa wazungu waliogunduliwa mapema kwa PSA, na wengi walikuwa na ugonjwa mpole. Mwafrika mwenye PSA ya 40 asijilinganishe nao.

Kufuatiliwa si kupuuzwa. Ni PSA kila miezi 6, kipimo cha kidole kila mwaka, na kinyama kingine baada ya mwaka 1 hivi, kisha kila baada ya miaka michache. MRI, picha ya sumaku inayoionyesha tezi kwa undani, ikipatikana inasaidia sana. Inamfaa mwenye hatari ndogo, na wachache wa hatari ya kati. Inaharibika pale mgonjwa anapoona hana maumivu na kuacha kurudi. Kama unajua nauli, kazi au umbali vitakuzuia kurudi, sema wazi, na kwa maoni yetu usichague njia hii.

Upasuaji huondoa tezi nzima pamoja na vifuko vya mbegu. Subiri angalau wiki 6 baada ya kinyama ili kidonda cha sindano kipone. Utaondoka hospitali na mpira wa mkojo, ambao hukaa wiki 1 hadi 2. Usiuvute wala kuruhusu mtu asiye wa timu ya upasuaji autoe, maana kiungo kipya kati ya kibofu na mrija wa mkojo kinaweza kuachia. Usibebe kizito kwa wiki 6. Mbegu hazitatoka tena, hivyo anayetaka mtoto azungumze kabla. Katika ProtecT, miezi 6 baada ya upasuaji asilimia 46 walikuwa wakitumia pedi kwa kuvuja mkojo. Hupungua baadaye, ila miaka 12 baada ya tiba bado walikuwa karibu robo. Mazoezi ya kubana misuli ya nyonga yaanze kabla ya operesheni: bana kama unayezuia mkojo kwa sekunde 5 hadi 10, achia, rudia mara 10, mara 3 kwa siku. Mpira ukiwa ndani, acha, ukitolewa, endelea.

Mionzi haikati na haiumi wakati wa kupigwa. Ratiba ya zamani ni vipindi 37 hadi 39, Jumatatu hadi Ijumaa, zaidi ya wiki 7. Ratiba fupi ya vipindi 20 kwa wiki 4 imethibitishwa kuwa haiko nyuma katika kudhibiti ugonjwa, kwa hiyo uliza kama mashine na hali yako vinairuhusu. Kwa anayetoka Mbagala au Chanika, tofauti ya siku 20 na siku 39 za daladala ni uamuzi wenyewe. Kila siku utatakiwa uwe umepata choo, kisha unywe kiasi cha maji utakachoelekezwa na kusubiri kibofu kijae. Kibofu kilichojaa husogeza utumbo mbali na miale, na haja kubwa iliyojaa huisukuma tezi kutoka mahali ilipopimwa. Anayefika kibofu kikiwa kitupu anarudishwa kwenye benchi, au anapigwa mionzi mahali pasipo sahihi. Mionzi huvujisha mkojo kidogo kuliko upasuaji, lakini katika ProtecT, baada ya miaka 12 asilimia 12 ya waliopigwa walikuwa na tatizo la kuvuja haja kubwa, mara mbili ya makundi mengine. Mwenye hatari ya kati mara nyingi huongezewa tiba ya homoni ya miezi 4 hadi 6. Wa hatari kubwa, mwaka 1 na nusu hadi 3.

Kuhusu nguvu za kiume hakuna njia iliyo salama kabisa. Katika utafiti huo huo, baada ya miaka 7, waliobaki na uwezo wa kutosha kwa tendo walikuwa asilimia 18 kwa upasuaji, 27 kwa mionzi na 30 kwa waliofuatiliwa. Umri unachukua sehemu yake pia.

Ushauri mmoja tunausisitiza: onana na daktari wa upasuaji na daktari wa mionzi, wote wawili, kabla ya kuamua. Kila mmoja anaijua vizuri zaidi kazi ya mikono yake. Kama hospitali ina kikao cha pamoja cha wataalamu, omba faili lako lijadiliwe huko. Wiki chache za kusubiri hazibadilishi kitu kwa ugonjwa ulio ndani ya tezi. Miezi ya kukata tamaa nyumbani hubadilisha.

Hatua ya 6: Ugonjwa ukiwa umefika kwenye mifupa

Hili ndilo kundi linalofika hospitali zetu kwa wingi. Hapa lengo si kuuondoa ugonjwa, ni kuutuliza kwa miaka na kumrudishia mtu uwezo wa kutembea na kulala. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, jambo lililoonyeshwa na Charles Huggins mwaka 1941, na tangu hapo kuishusha homoni hiyo ndio msingi wa tiba.

Kuna njia mbili za kuishusha. Ya kwanza ni operesheni ndogo ya kuondoa nyama ya korodani: hufanyika mara moja, homoni huanguka ndani ya saa chache, na haihitaji kununua chochote tena. Ya pili ni sindano kama goserelini, miligramu 3.6 kila siku 28 au 10.8 kila wiki 12. Matokeo dhidi ya saratani yanalingana. Sindano humwachia mwanaume maumbile yake na inaweza kusimamishwa, lakini kila inapochelewa homoni hurudi. Mwenye bima aulize kama dawa imo kwenye kitita chake na kama inahitaji kibali. Asiye na bima afike Ustawi wa Jamii hospitalini kabla ya kuanza, si baada ya sindano ya tatu kumshinda. Kama kipato hakitoshi kwa mwaka mzima, operesheni ni uamuzi wa busara na hakuna aibu ndani yake.

Sindano hii hupandisha homoni kwa wiki moja au mbili za mwanzo kabla ya kuishusha. Mwenye ugonjwa kwenye uti wa mgongo anaweza kupooza katika siku hizo. Kinga yake ni vidonge vya bikalutamidi, miligramu 50 kwa siku, vikianza kabla au pamoja na sindano ya kwanza na kuendelea wiki 2 hadi 4. Uliza vidonge hivyo kwa jina. Ukinunua sindano mwenyewe, tafuta wiki 2 kabla ya tarehe, na isipate joto la zaidi ya nyuzi 25. Gari lililoegeshwa juani mchana linazidi hapo kwa dakika chache.

Kushusha homoni peke yake siku hizi hakutoshi kwa anayestahimili zaidi. Dawa moja huongezwa mapema, kwa mfano abirateroni au dosetakseli. Abirateroni ni vidonge miligramu 1,000 kwa siku tumbo likiwa tupu: saa 2 baada ya kula, na usile tena hadi saa 1 ipite. Huenda na prednisoloni miligramu 5, ambayo usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Ini hupimwa kila wiki 2 kwa miezi 3 ya mwanzo, na presha na potasiamu angalau kila mwezi. Dosetakseli ni dripu ya tibakemikali kila siku 21, mara 6. Kinga ya mwili hushuka hasa siku ya 7 hadi ya 10, na joto la mwili la 38 katika siku hizo ni dharura, hata saa nane usiku.

Madhara ya kukosa homoni huja taratibu: fukuto la ghafla, kitambi, sukari kupanda, huzuni, mifupa kulegea. Kutembea dakika 30 kwa siku na kunyanyua uzito mwepesi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Maumivu yasivumiliwe, morfini ya maji ipo, na ikitolewa kwa mpangilio haimfanyi mzee teja.

Hatua ya 7: Siku ya kuamua

Nenda na mtu mmoja anayesikiliza vizuri, mke au mtoto, na faili lote: PSA zote kwa tarehe, patholojia, picha. Ndugu watano chumbani humnyamazisha mgonjwa. Mazungumzo mazuri huwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Mimi nakusikiliza wewe, ndiye unayejua."

"Nitakushauri, mzee wangu, sitakuacha peke yako. Ila kuna kitu sikijui mimi. Kati ya kuvuja mkojo kwa miezi kadhaa na kuja hapa kila siku kwa mwezi mzima, kipi kitakutesa zaidi?"

Daktari asipouliza, anza wewe. Maswali yanayotoa majibu ya kweli ni haya: Kundi langu la hatari ni lipi? Nisipofanya chochote kwa miaka 5 nini kitatokea? Wewe mwenyewe umefanya operesheni hii kwa wagonjwa wangapi mwaka huu? Tiba hii ikishindwa, ipi inabaki? Gharama yote hadi mwisho ni ipi, si ya leo tu? Kisha nenda nyumbani ulale na jibu. Ukirudi na uamuzi tofauti na wa wanao, uamuzi ni wako.

Baada ya tiba

Aliyepasuliwa apime PSA baada ya wiki 6 hadi 8. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikifika 0.2 na kuthibitishwa mara ya pili, ugonjwa umerudi, na mionzi inaweza kuudhibiti ikianza mapema. Aliyepigwa mionzi hafiki sifuri: PSA hushuka kwa miezi mingi, na huweza kuruka kidogo kisha ikashuka tena. Kinachohesabika ni kupanda kwa 2 juu ya kiwango cha chini kabisa kilichowahi kufikiwa. Anayetumia homoni na PSA yake inapanda apimwe testosteroni, yaani ile homoni ya kiume, kabla dawa haijabadilishwa, kwa sababu mara nyingine tatizo ni sindano iliyochelewa au iliyoharibika.

Na wote, wa kundi lolote: maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kuwa mizito au kufa ganzi, kushindwa kukojoa au kuzuia choo. Hiyo ni dalili ya uti wa mgongo kubanwa. Nenda Muhimbili au hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyo hiyo, useme "nina saratani ya tezi dume na miguu imeisha nguvu". Aliyetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyesubiri hadi Jumatatu kliniki ifunguliwe mara nyingi hainuki tena.